Kaka yangu alianguka mnazini, sasa hatembei: tumchukulie kiti gani?

Swali: Kaka yangu ana miaka 31, alikuwa mkwezi wa minazi hapa Mkuranga. Mwaka jana alianguka akaumia uti wa mgongo, sehemu ya chini. Miguu haina nguvu wala hisia, mikono ni mizima kabisa. Tangu tumtoe hospitali anashinda kitandani au kwenye kiti cha plastiki. Familia tumechanga shilingi 650,000. Kuna duka la vifaa tiba Dar lina kiti mwendo cha kukunja, na mfadhili mmoja ameahidi baiskeli ya matairi matatu. Shangazi yetu aliyeko Muscat naye anasema tusinunue kitu, atatutumia cha umeme. Nyumba yetu ina kizingiti, uwanja ni mchanga mtupu, choo kiko nje. Yeye mwenyewe anataka kufungua genge barabarani, kama kilomita moja kutoka nyumbani. Ana kidonda kidogo juu ya makalio, ila kinaendelea kupona. Tuchukue kipi?

Jibu: Dada yangu, poleni sana, na mfikishie kaka salamu zangu. Kiti nitakifikia, lakini ruhusu nianze na jambo uliloliweka mwisho kabisa, kidonda. Katika yote uliyoandika, hilo ndilo lililonishtua. Mtu asiyesikia maumivu makalioni anaweza kukaa juu ya mfupa wake saa nzima bila kujua kwamba nyama iliyobanwa kati ya mfupa na kiti haipati damu. Ngozi huanza kwa alama ndogo tu, kisha shimo linachimbika kwa ndani hadi mfupani, na sumu ikiingia kwenye damu mtu anapotea. Nimewaona vijana wenye mikono yenye nguvu kama ya kaka yako wakiondoka hivyo, wala si kwa ajali iliyowavunja mgongo. Kwa hiyo katika vifaa vyote vitatu mlivyotajiwa, swali langu la kwanza ni moja: akikalia hiki, kidonda kitapona au kitarudi?

Umesema kidonda kiko juu ya makalio, yaani karibu na kifandugu, ule mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo. Mahali hapo hapaumizwi na kukaa vizuri. Panaumizwa na kulala chali muda mrefu, au kukaa huku kiuno kimeteleza mbele na mgongo umepinda, uzito wote ukaangukia kifandugu badala ya mifupa miwili ya kukalia. Kiti cha plastiki humkalisha mtu hivyohivyo. Basi kuanzia leo, kabla hamjanunua chochote, kiti hicho kiwekeni kando. Kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, na kama anaweza, alale kifudifudi kwa vipindi, mito ikiwekwa ili kifandugu na magoti visibanwe. Muuguzi wa zahanati akione kidonda wiki hii. Kikianza kunuka, kikawa cheusi au kirefu kwenda ndani, au kaka akipata homa, ni hospitali siku hiyohiyo.

Sasa twende kwenye kiti, na nianze na kitu ambacho hakuna aliyekuahidi kati ya hao watatu: mto wa kukalia. Kwa mtu asiye na hisia, kiti bila mto maalumu hakijakamilika, hata kingekuwa cha bei gani. Kama pesa zingetosha kitu kimoja tu cha maana, ningekwambia nunua mto mzuri kwanza. Mto unaofaa ni wa sponji ngumu iliyochongwa: nyuma una bonde la kupokea mifupa ya makalio, mbele umeinuka kidogo ili mapaja yabebe sehemu ya uzito na kiuno kisiteleze. Juu yake kunakuwa na tabaka la sponji laini. Kitambaa cha kufunika kiwe cha kuvutika. Rekisini iliyokazwa ikang'aa hubeba mwili juu juu, bonde lililochongwa lisifanye kazi, na jasho hulowesha ngozi. Na tafadhali, msimkalishe kwenye tyubu ya gari iliyojazwa upepo. Najua majirani watakushauri hivyo, na wanasema kwa nia njema. Duara lile hukata damu pande zote za tundu, na nyama iliyo katikati huvimba.

Namna ya kuujua mto kama unafaa ni rahisi, na unaweza kuifanya mwenyewe. Kaka akae kwenye kiti juu ya mto, mikono mapajani. Mwombe ruhusa, aegemee upande mmoja, upitishe vidole vyako chini ya mfupa wa kalio la upande wa pili, kiganja kikiangalia juu. Kisha akae sawa, uzito wote urudi. Jaribu kuchezesha ncha za vidole juu na chini. Zikicheza kama nusu sentimita au zaidi, mto unabeba vizuri. Zikishindwa kucheza lakini unaweza kuvuta mkono bila shida, hiyo ni tahadhari, mto unahitaji kurekebishwa. Zikibanwa kabisa hata kuzitoa ni kazi, mto huo haufai, asiukalie. Fanya hivyo pande zote mbili. Baada ya miezi kadhaa sponji huchoka, kwa hiyo rudia kipimo hiki mara kwa mara hata kama kwa macho mto unaonekana mpya.

Kile kiti cha kukunja cha dukani nakifahamu, vimejaa kila mahali. Kilitengenezwa kwa ajili ya kumsogeza mgonjwa ndani ya hospitali, kutoka wodini hadi kwenye picha, kwenye sakafu laini, huku mtu mwingine akisukuma. Kwa kazi hiyo ni kizuri. Tatizo ni kaka yako kuishi nacho kila siku. Upana wake mara nyingi ni sentimita 45 au 46, kwa mtu yeyote, mnene au mwembamba. Mkwezi wa minazi huwa ni mtu mwembamba. Kama nyonga zake ni sentimita 36, atabaki na nafasi ya sentimita 9 au 10 ya kulalia upande mmoja. Baada ya miezi uti wa mgongo unapinda, kalio moja linabeba uzito wa mawili, na mikono inalazimika kutanuka ili kufikia magurudumu hadi mabega yanauma. Na kumbuka kwamba mabega hayo ndiyo miguu yake sasa. Kitambaa cha kukalia nacho hulegea kikawa kama machela, kiuno kikateleza mbele, tukarudi palepale kwenye kifandugu. Vile vigurudumu vyembamba vya mbele navyo, kwenye mchanga wa Mkuranga, vitazama ndani ya hatua mbili tatu.

Kiti cha kuishi nacho kinatokana na vipimo vya mwenyewe. Chukueni futi ya fundi cherehani. Akae wima sehemu ngumu, viatu miguuni, ngozi ikikingwa kwa mto, wala asikae hivyo muda mrefu. Upana wa nyonga ndio upana wa kiti. Urefu kutoka nyuma ya kalio hadi nyuma ya goti, ukitoa sentimita 3 hadi 6, ndio kina cha kiti. Pimeni miguu yote miwili na mchukue ule mfupi. Usipotoa hizo sentimita, ukingo wa kiti utagusa nyuma ya goti, naye atateleza mbele ili kuukwepa. Kutoka nyuma ya goti hadi kisigino cha kiatu mnapata kimo cha vikanyagio: vikiwa juu mno, magoti yananyanyuka na uzito wote unahamia makalioni, vikiwa chini mno, miguu inaning'inia na kumvuta mbele. Egemeo la mgongo, kwa mtu aliyeumia chini kama yeye na anayeweza kujizuia kiwiliwili, liishie chini ya mfupa wa bega ili mikono iwe huru kusukuma. Akishika sehemu ya juu kabisa ya gurudumu la nyuma, kiwiko kikunjike kati ya nyuzi 90 na 120. Vipimo vyote vya kimo vihesabiwe mto ukiwa juu ya kiti.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti mwendo kwa nchi zenye uwezo mdogo kama zetu. Humo kiti kinachofaa kimeelezwa kuwa ni kile kinachokidhi mahitaji ya mtu na mazingira yake, kinachomtosha na kumshikilia mwili sawasawa, kilicho salama na cha kudumu, na kinachoweza kupatikana na kutengenezwa ndani ya nchi. Hilo la mwisho watu hulipita haraka, mimi nalipa uzito mkubwa. Tairi likipasuka Mkuranga, je, fundi baiskeli wa hapo kijiweni ana tyubu ya saizi hiyo? Spoki zake anazo? Beringi je? Kiti ambacho fundi huyo anakimudu kitamtumikia kaka miaka mingi kuliko kile cha kung'aa ambacho kipuri chake kinangoja meli.

Hapo ndipo ninapomfikia shangazi wa Muscat. Moyo wake ni mzuri, mwambieni hivyo. Kuchaji hakungekuwa shida, umeme wa Oman na wetu unakaribiana na hata plagi ile ya pini tatu bapa ni moja. Ila kiti cha umeme kina betri zinazochoka na kuhitaji kubadilishwa, mota na saketi zisizopenda mchanga wala chumvi ya hewa ya pwani, na mara nyingi uzito ambao ni kazi kuunyanyua kuvuka kizingiti chenu. Kikizima njiani, kaka hawezi kukisukuma. Angekuwa ameumia shingoni na mikono haifanyi kazi, ningesema pigeni magoti mkiombe. Kwa mtu mwenye mikono ya mkwezi, kiti cha umeme kitamnyang'anya nguvu aliyobaki nayo. Mwombeni shangazi abadilishe: atume mto wa kuzuia vidonda wenye upana na kina kile kile cha kiti kitakachopimwa, pamoja na glovu za kusukumia. Vitu hivyo vinaenea kwenye begi la mtu anayekuja likizo. Akiamua kutuma kiti kwa meli hata hivyo, ajue kwamba Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina msamaha wa ushuru kwa vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ulemavu. Afuatilie makaratasi kabla mzigo haujafika bandarini.

Baiskeli ya matairi matatu, ya kunyonga kwa mikono, msiikatae. Ndiyo itakayompeleka gengeni. Kilomita moja ya barabara ngumu kwake si kitu, na nyuma anapakia nazi, nyanya na ndizi. Lakini haiingii ndani ya nyumba, haiendi chooni, haigeuki kwenye korido. Wengi niliowafuatilia waliopewa baiskeli peke yake waliishia kujiburuta chini wanapofika mlangoni, na kujiburuta huko ndiko kunakochana ngozi. Kwa hiyo naiweka ya pili: kiti kwanza, baiskeli baadaye, na mto mmoja unaweza kuhama naye. Siku ya kuipokea angalieni mambo matatu: breki inashika akiwa na mzigo mteremkoni, pembeni pana kitu cha kumzuia asianguke kwenye kona, na kiti chake kina nafasi ya mto. Nyingi huja na ubao mtupu.

Kiti ninachokitaka kwa ajili ya uwanja wenu ni kile chenye magurudumu ya nyuma ya upepo na gurudumu la mbele kubwa au pana, liwe moja au mawili, lililokaa mbali kidogo mbele ya yale ya nyuma, ndiyo maana kiti huwa kirefu kutoka mbele hadi nyuma. Vya aina hiyo vipo nchini, huja kwa njia ya hospitali na mashirika, na mafundi wetu wamesomea: pale Moshi, ndani ya eneo la hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT ambacho tangu mwaka 1981 kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi. Ubaya wa kiti kirefu ni kwamba kinataka nafasi zaidi kugeuka ndani. Pimeni mlango wa chumba chake na nafasi iliyopo kati ya kitanda na ukuta, mwende na namba hizo mkononi. Na hata kwa kiti hicho, mchanga mwingi una mbinu yake: anayemsaidia akigeuze, akivute kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Njia ya kutoka mlangoni hadi chooni muitandike kifusi mkishindilie, au matofali, upana wa mita moja na zaidi kidogo. Kazi hiyo vijana wa mtaa wanaimaliza kwa siku chache na inasaidia kuliko kubadilisha kiti.

Kizingiti kiwekewe rampu. Hesabu yake ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 ni rampu ya mita 1 na sentimita 80. Ikiwa fupi kuliko hapo, atahitaji mtu wa kumsukuma kila anapoingia kwake. Kitanda nacho kikatwe miguu au kiongezewe matofali hadi kilingane na kiti pamoja na mto wake, ahame kwa ubao laini uliopigwa msasa vizuri. Ajinyanyue wakati wa kuhama, asijivute. Ngozi isiyo na hisia inachanika kwa kuburutwa.

Choo usikiache mwisho, dada yangu, kwa sababu heshima ya mtu mzima iko pale. Fundi seremala au wa kuchomelea anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, kimo sawa na kiti mwendo. Lakini kingo zote za tundu lazima zifunikwe kwa sponji na kitu kisichopenya maji. Mbao tupu au plastiki iliyokatwa kwa kisu itamkata naye hatajua. Akae hapo kwa dakika chache tu. Mlango wa choo ukiwa mwembamba, vunjeni upanuliwe. Hiyo ni pesa nzuri kuliko zote mtakazotumia.

Kuhusu pa kwenda: msianzie dukani. Anzieni kwa mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya wilaya, mwombe rufaa ya huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wa kujitegemea. Kwa mtu wa Mkuranga, hospitali ya CCBRT pale Msasani, Dar, panafikika, na kama alitibiwa MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, wana kumbukumbu zake. Mtakapofika, sisitizeni apimwe, ajaribishwe, na afundishwe. Mkipewa kiti bila futi kugusa mwili wake, ulizeni kwa nini. Pia mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Yeye ndiye mwenye njia za misaada ya vifaa, na ndiye atakayeelekeza habari ya mkopo usio na riba: katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Genge la kaka linaweza kuanzia hapo, na zile 650,000 zenu zikabaki kwa rampu, choo, tyubu za akiba na nauli za kliniki.

Kuna jambo sikuliona katika maelezo yako: kaka mwenyewe anataka kipi? Umeniambia anachotaka kufanya, na hilo ni muhimu sana, lakini kati ya vifaa vitatu hivyo hujasema yeye anaelekea wapi. Aende mwenyewe kujaribu. Asukume nje kwenye vumbi, si kwenye vigae vya ndani. Aingie na kutoka mara kadhaa. Aulize maswali yeye, na mhudumu akiligeukia sikio lako badala ya lake, mrudishe kwake. Mtu aliyechagua kiti chake hukitunza: hupima upepo wa matairi kwa dole gumba, hukaza nati, hutia oili kwenye beringi kila wiki, wala hakiachi juani, maana chuma kilichochomwa na jua la saa saba kinaunguza paja lisilosikia.

Kuna tabia mbili ajifunze tangu siku ya kwanza. Kila nusu saa au chini ya hapo, ainame mbele, kifua kiguse mapaja, au aegemee upande mmoja kisha mwingine, kwa dakika mbili hivi kila mara. Kujinyanyua kwa mikono kwa sekunde chache hakutoshi, damu hairudi haraka hivyo. Asubuhi na jioni aangalie ngozi kwa kioo, au apige picha kwa simu: kifandugu, makalio, nyonga, visigino. Kwenye ngozi yetu nyeusi msitafute wekundu. Tafuteni sehemu iliyokoza kuliko jirani yake, yenye joto au ugumu ukiigusa.

Na siku ya kukichukua kiti, mkishakubaliana na mtaalamu kwamba kidonda kinaruhusu kukaa, asikae siku nzima kwa furaha. Akae nusu saa, arudi kitandani, mkague ngozi. Alama yoyote iliyojitokeza iwe imefutika ndani ya nusu saa nyingine. Ikifutika, kesho aongeze muda kidogo, na keshokutwa tena. Isipofutika, mto au kipimo kimoja kina kasoro: arudi kulala, na kiti kirudi kwa waliokitoa kikarekebishwe kabla hajakikalia tena.